Godoro Lilikuwa Moja au Mawili?

Mwaka wangu wa tatu ugenini nilirekodi video ya dakika moja na nusu kuhusu utoto wangu. Nilikuwa nimeanza kuposti video fupi za kujijenga: kuamka mapema, kuweka akiba, kukataa jambo bila kuona haya. Watu waliziangalia sekunde tano wakapita. Rafiki mmoja wa huku, ambaye video ndizo kazi yake, akaniambia: "Acha kufundisha. Simulia palipokuuma."

Nikasimulia. Kazi ya baba ilivyoisha, tulivyohamia chumba kimoja, watoto wanne godoro moja. Nilipofika kwenye godoro machozi yakanitoka, ya kweli kabisa. Nikamaliza, nikasikiliza: maikrofoni ilikuwa haijawashwa. Nikarudia. Mara ya pili sikulia. Mara ya tatu nililia, ila sasa nilishajua pa kulia ni wapi, na nikakumbuka kuinua uso kidogo ili mwanga unipate. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoposti.

Ikasambaa. Kuna ule mchoro unaoonyesha watazamaji wanabaki au wanaondoka. Kwenye video zangu zote ulikuwa unashuka tu. Kwenye hii ulishuka, ukafika penye godoro, ukapanda: watu walikuwa wanarudisha nyuma waone tena nikilia. Nilifurahi mno, sitadanganya, na usiku uleule nikaanza kupekua utoto wangu kuona kimebaki nini kingine cha kusimulia.

Huku niliitwa jasiri. Watu nisiowajua waliniandikia mambo ambayo hawajawahi kuwaambia hata wenzi wao. Sibezi hilo. Wawili watatu walisema wamepata nguvu ya kwenda kutafuta msaada, na kwa sababu yao siwezi kusema video hizi ni upuuzi.

Kutoka nyumbani, dada yangu alituma neno moja: "Umetuanika." Mama hakutuma kitu. Alipiga siku mbili baadaye, akauliza afya, akauliza kazi, akanyamaza kidogo, kisha: "Mwanangu, mbona umesema godoro lilikuwa moja? Yalikuwa mawili. La pili niliazima."

Sikuwa na jibu. Katika stori yangu mama alikuwa mtu wa nyuma, anayeonekana kidogo tu ili umaskini wetu ueleweke. Kumbe kuna siku alitoka akaenda kubisha mlango wa mtu kuomba godoro, na mimi nilikuwa nimelala juu yake bila kujua limetoka wapi.

Sisi tuliohama tuna kauli yetu, na mimi nimeirudia sana: nyumbani hawajui kuongelea maumivu. Nadhani tunakosea. Nyumbani yanaongelewa kila siku, ila kwa sikio lililochaguliwa. Ukimweleza dada yako, atakujibu, pengine atakugombeza, na kesho atakuja kuangalia kama umelala. Huku hakuna wa kuja. Ni saa tatu usiku, chumba kimya, simu umeiegemeza kwenye kikombe, nayo haikukatizi wala haikuulizi swali. Sehemu kubwa ya nilichopongezwa kama ujasiri ilikuwa upweke tu.

Lakini sitaipamba nyumbani pia. "Mambo ya ndani yabaki ndani" husemwa kwa sauti kubwa zaidi na yuleyule aliyeyafanya hayo mambo. Wahenga haohao walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa mtu aliyenyamazishwa na watu wake mwenyewe, kusikilizwa na wageni kunaweza kuwa ndiyo njia pekee ya kutokea.

Kinachonikera ni wale wanaouza mafunzo ya kutengeneza video hizi, wanaosema onyesha udhaifu wako, watu watakupenda. Mwaka 1966 mwanasaikolojia Elliot Aronson na wenzake waliwasikilizisha wanafunzi rekodi ya mtu anayejibu maswali magumu. Aliyejibu vizuri sana, kisha akasikika akijimwagia kahawa, alipendwa zaidi. Aliyejibu kwa kiwango cha kawaida alipojimwagia, alipendwa kidogo kuliko asipojimwagia. Ukiniuliza, aliyekwisha kufika akisimulia alivyoanguka, anguko lake linamng'arisha. Anayesimulia akiwa bado chini anabaki na komenti, na asubuhi anaamka palepale chini.

Na kama lengo ni kupona kweli, kipo kipimo kingine. Mwaka 1986 watafiti James Pennebaker na Sandra Beall, huko Marekani, waliwapa wanafunzi dakika 15 kwa siku nne mfululizo waandike jambo lililowaumiza zaidi maishani. Walioandika tukio pamoja na hisia zao walitoka pale na huzuni zaidi, lakini miezi iliyofuata walikwenda zahanati ya chuo mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Waliandika bila laiki na bila watazamaji, na hakuna aliyewaambia warudie kwa sababu maikrofoni ilizimwa.

Bado narekodi. Nasimulia niliyoyafanya mimi: deni nililolikimbia, kazi niliyoiacha kwa kiburi. Yanapoingia ya mtu mwingine, nampigia kwanza, na mara nyingi stori inafia hapohapo kwenye simu. Nilimpigia mama nikamuuliza godoro lile aliliazima kwa nani. Alizungumza karibu saa nzima, kwa kicheko ambacho sikukitarajia. Mwishoni akasema, "Hiyo usiiweke huko kwenu." Sijaiweka.

Ile video bado ipo, na godoro lake moja. Nimebandika komenti juu kabisa: yalikuwa mawili, la pili mama aliazima. Mpaka leo imepata laiki nne, moja ya dada yangu.