Kosa la hesabu si kosa la nidhamu

Mtoto wa darasa la tatu anaandika ubaoni: 52 − 38 = 26. "Amekosa," mwalimu anasema. "Nani amsaidie mwenzake?" Mikono inanyooshwa, mwingine anaandika 14, darasa linampigia makofi, na yule wa kwanza anarudi kwenye dawati lake kimya. Katika shule nyingi za msingi Tanzania jambo hilo huishia hapo. Kwingine huishia kwa fimbo.

Neno lenyewe linatutega. Kwetu "kosa" ni jibu lisilo sahihi, na "kosa" ni kuiba kalamu ya mwenzio. Hata hivyo, kanuni za adhabu ya viboko za mwaka 2002, zinazoruhusu viboko visivyozidi vinne, zinazungumzia utovu mkubwa wa nidhamu, tena kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa kuandikwa kitabuni. Hesabu iliyokosewa haimo. Kenya waliviondoa viboko shuleni tangu 2001.

Wanaotetea ukali wana hoja, nami siidharau. Tangu elimu bila ada ianze 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye watoto themanini hawezi kumsikiliza kila mmoja. Wazazi nao wanasema mtoto asiposahihishwa mapema atalibeba kosa lake hadi darasa la saba. Ni kweli. Upole wa kumwachia mtoto jibu baya ili asiumie moyo ni kumtelekeza. Aambiwe wazi kwamba 26 si jibu.

Lakini 26 hakuiokota njiani. Ametoa 2 katika 8 akapata 6, akatoa 3 katika 5 akapata 2, kwa sababu tangu darasa la kwanza amezoea kutoa namba ndogo katika kubwa. Ametii alichofundishwa. Mpe 71 − 46, atakuletea 35. Tunapenda kusema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Hapa msemo huo unapotosha. Kule kurudia ndiko kunakomwonyesha mwalimu kwamba mtoto ana kanuni kichwani, na kanuni hiyo inarekebishwa kwa vijiti: mafungu 5 ya kumi na mamoja 2, fungua fungu moja, sasa una mamoja 12, toa 8.

Fimbo haifiki huko. Mtoto anayeogopa kuchapwa hunakili kwa jirani, na daftari lake hurudi limejaa vema. Mwalimu anabaki hajui chochote kumhusu, na mtoto hatamuuliza tena.

Kuhusu wingi wa watoto, njia ipo. Mwalimu anaposahihisha madaftari na kuona 35 imejirudia kwa kumi na watano, kesho yake aiandike ubaoni bila kumtaja mtu, awaulize: aliyepata hii alifikiri nini? Wote themanini watafundishwa kwa pamoja, na hakuna atakayesimamishwa aonekane mjinga.

Itachukua kipindi kizima, pengine viwili, na mada ya kugawanya itachelewa. Mwalimu anayebanwa amalize mada kabla ya upimaji wa darasa la nne ana haki ya kulalamika. Ila kugawanya kwa njia ndefu kunamtaka mtoto atoe katika kila hatua, na mwenye kanuni ile ya 26 atakwama kwenye hatua ya kwanza tu itakayomtaka achukue kumi.