Shimo jeusi lina joto kweli, au tunafananisha tu?

Stori ya wanafizikia Bekenstein na Hawking siku hizi husimuliwa kirahisi sana: dogo mwanafunzi (Bekenstein) alisema shimo jeusi, kitu chenye mvutano mkubwa hadi hata mwanga hautoki, lina entropia, yaani kipimo cha vurugu, Hawking akambishia, baadae Hawking akapiga hesabu akakuta dogo yuko sahihi. Ni kweli, ila hapo wabishi wanaonekana kama walikuwa wagumu wa kuelewa tu, na mimi nadhani kwa ushahidi wa wakati ule walikuwa na hoja nzito kuliko Bekenstein.

Mwaka 1971 Hawking alithibitisha kimahesabu kwamba jumla ya eneo la uso wa mashimo meusi (uso ni ule mpaka ambao ukivukwa hakuna kurudi) haipungui, inabaki ilivyo au inaongezeka. Wakati huo Jacob Bekenstein alikuwa anasomea PhD kule Princeton chini ya mwanafizikia John Wheeler, na Wheeler akamtupia swali: nikichanganya chai ya moto na ya baridi nimeongeza vurugu ulimwenguni, sasa nikikitupa kikombe kwenye shimo jeusi si ushahidi wote umepotea na kanuni ya pili ya thamodinamiki (sayansi ya joto), ile inayosema jumla ya vurugu haipungui, nimeikwepa? Bekenstein akajibu hukwepi kitu, maana kikombe kikiingia uso wa shimo unakua, na eneo la huo uso ndo kipimo cha entropia yake.

Jibu tamu, lakini lina shida. Kitu chenye nishati na entropia lazima kiwe na joto, na chenye joto lazima kitoe mionzi, wakati shimo jeusi tunaliita jeusi kwa sababu halitoi chochote, kwa hiyo joto lake ni sifuri na habari imeisha. Ndo maana Bardeen, Carter na Hawking walipoandika kanuni nne za mashimo meusi mwaka 1973 walisema wazi kwamba zinafanana na za thamodinamiki ila sio zenyewe. Hawking alikuja kukiri kwamba sehemu ya kilichomsukuma kuandika ni kukerwa na Bekenstein, sawa, hasira zilikuwepo, ila hoja ilisimama. Na hiki watu hawakitaji: Bekenstein mwenyewe kwenye andiko lake la 1973 alionya kwamba ile namba inayofanana na joto isichukuliwe kuwa ni joto halisi la shimo! Yaani mshindi wa mjadala alikuwa na nusu ya jibu, na hiyo nusu nyingine aliiogopa.

Iliyobaki aliileta mpinzani. Septemba 1973 Hawking alikuwa Moscow, wanafizikia wa Kisovieti Zel'dovich na Starobinsky wakamwambia shimo linalozunguka linapaswa kutoa mionzi. Hakuridhika na hesabu zao, akarudia kwa njia yake akitegemea kukuta mionzi ya shimo linalozunguka tu, kumbe hata shimo lisilozunguka linatoa! Akachapisha kwenye Nature 1974, na hapo joto likapatikana na entropia ikawa robo ya eneo la uso kwa vipimo vya Planck (vipimo vinavyojengwa kwa namba za msingi za fizikia). Cha kuchekesha, shimo linalotoa mionzi linapungua, kwa hiyo theoremu yake ya 1971 inavunjika, na kinachookoa jahazi ni wazo la Bekenstein la kujumlisha entropia ya shimo na ya vitu vilivyo nje.

Sasa hapa ndo nataka tuwe makini. Shimo lenye uzito wa Jua lingekuwa na joto la kama 0.00000006 kelvini, wakati mionzi iliyojaa ulimwenguni ina 2.7, kwa hiyo linapokea kuliko linavyotoa na hakuna chombo cha kuliona likitoa. Januari 14, 2025 LIGO, mitambo ya Marekani ya kunasa mawimbi ya graviti, walinasa mashimo mawili yakigongana, eneo likapanda kutoka kilomita za mraba kama 240,000, karibu sawa na Uganda, hadi kama 400,000, na mitandaoni watu wakashangilia kwamba Hawking kathibitishwa. Ndiyo, Hawking wa 1971, lakini huyo hata wabishi walikuwa naye, kuhusu joto hapo hakuna kilichopimwa. Jeff Steinhauer kule Technion, chuo cha Israeli, kapata kitu kama mionzi hiyo kwenye atomi zilizopozwa sana, ila lile ni shimo la sauti, yaani linanasa sauti badala ya mwanga, linasema mengi kuhusu mawimbi na machache kuhusu graviti.

Upande wa pili, wanaosema joto ni halisi, nao una nguvu. Ile robo imetokea kwa njia tofauti kabisa, Strominger na Vafa mwaka 1996 waliipata kwa kuhesabu njia ambazo vilivyomo ndani ya shimo vinaweza kupangika, wakitumia nadharia ya nyuzi, inayochukulia chembe kama nyuzi ndogo sana (kwa mashimo maalum yenye joto sifuri, lakini tuwape haki yao). Mimi naegemea huku, maana bila joto halisi swali la Wheeler linabaki bila jibu, ila naegemea kwa sababu ya hoja, kipimo bado hatuna.

Kingeweza kupatikana. Mashimo madogo ya mwanzo wa ulimwengu, ya kama nusu ya tani bilioni kushuka chini, kama yalikuwepo yangekuwa yameshaanza kumalizika kwa mlipuko wa mionzi ya gama, na darubini zimetafuta miaka na miaka bila kuuthibitisha hata mmoja.