Hawakufa kwenye ndege

Jumapili iliyopita binti wa kaka yangu alinikuta uani kwangu, Nzuguni, nachambua mlenda. Alikuwa amemaliza kuangalia tamthilia ya Lost, misimu yote sita, kazi iliyomla likizo nzima. Akavuta kigoda, akalaza simu mapajani. "Shikamoo shangazi," akasema, na kabla sijaitikia vizuri akaendelea: "Ila umeniingiza chaka. Watu wenyewe kumbe walikufa tangu siku ya ajali! Misimu sita yote nilikuwa naangalia maiti?"

Mlenda nikauweka pembeni. Kauli hiyo nimeisikia tangu mwaka 2010, hosteli, kwenye daladala, kwenye harusi, na kila nikiisikia inaniuma kama vile mtu kamsingizia ndugu yangu. Kwa hiyo leo nasema yote niliyonayo moyoni. Kama hujaiona na unataka kuiona, ishia hapa, maana nitamwaga mtama wote.

Kwa ambao mlipitwa: Lost ilianza kuonyeshwa Marekani, kituo cha ABC, tarehe 22 Septemba 2004. Ndege ya Oceanic, safari namba 815, inatoka Sydney kwenda Los Angeles, inakatika vipande angani, na waliopona wanajikuta kwenye kisiwa chenye mambo yasiyoelezeka. Sehemu ya mwisho ilirushwa tarehe 23 Mei 2010. Wamarekani wapatao milioni 13.5 waliitazama, na kabla hakujakucha walikuwa wameshagawanyika. Wapo waliolia kwa kuguswa, wapo waliokasirika kwamba wamepotezewa miaka sita, na lipo kundi la tatu, la binti wa kaka yangu, lililoondoka na tafsiri ambayo haimo kabisa kwenye hadithi.

Sisi ilitufikia kwa kuchelewa kidogo. Nilikuwa Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, chuo kikiwa bado kichanga, kilianza 2007, majengo mengine yananukia rangi na vumbi jekundu linaingia hadi kwenye shuka. Mtu mmoja alirudi kutoka Dar na DVD za kunakili, zile ambazo sahani moja inabeba msimu mzima, picha zimefifia. Tukanakili kwenye laptopu, laptopu ikapita chumba hadi chumba. Usiku wa sehemu ya mwisho tulikuwa watu kumi na mmoja kwenye chumba cha watu wanne. Aliyekuwa na betri nzima alitendewa kama mgeni rasmi.

Ilipoisha hakuna aliyeongea. Kisha rafiki yangu wa Kondoa, binti wa Kiislamu, akasema taratibu: "Hiyo ni barzakh." Mkatoliki mmoja aliyekuwa kwenye kitanda cha juu akajibu kwamba ni toharani, hakuna lingine. Walibishana hadi saa nane usiku, kwa heshima, kila mmoja akieleza alivyofundishwa tangu utoto: huyu akisema juu ya mahali roho inaposubiri baada ya kifo mpaka siku ya ufufuo, yule juu ya kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni. Sijawahi kusikia mjadala mzuri kama ule darasani. Na kwenye hilo la kusubiri wote wawili walikuwa karibu na alichokisema mwandishi kuliko wengi waliolipwa kuandika uchambuzi.

Maana kilichomo ni hiki. Katika msimu wa sita tunaonyeshwa maisha mengine, ambamo ndege haikuanguka, ilitua salama Los Angeles. Tulidhani ni dunia ya pili. Mwisho kabisa, wanapokusanyika kanisani, tunagundua kwamba hayo maisha ya pili ndiyo ya baada ya kifo. Kisiwa, ajali, njaa, mapenzi, mauaji, yote ya kisiwani yalitokea kweli. Christian, baba yake Jack, yule daktari ambaye ndiye mhusika mkuu, anasimama mbele ya jeneza tupu na kumwambia mwanawe wazi kwamba yote yaliyompata ni ya kweli, na kwamba kila mtu hufa siku yake, wengine walimtangulia Jack na wengine walikufa muda mrefu baada yake. Imesemwa kwa mdomo. Haikufichwa.

Na ushahidi umejaa. Boone, mmoja wa waliopona ajali, alikufa msimu wa kwanza. Charlie alikufa maji msimu wa tatu. Sun na Jin, mke na mume, walizama pamoja msimu wa sita, tukaona mikono yao inaachana. Kate, mpenzi wa Jack, anapanda ndege na kuondoka kisiwani akiwa hai, Jack anabaki nyuma na jeraha la kisu ubavuni. Halafu upande wa pili, wanapokutana tena, Kate anamwambia Jack kwamba amemkumbuka sana. Hebu nieleze: watu waliokufa dakika moja, kwenye ndege moja, watakumbukanaje? Neno lile ni la mtu aliyebaki. Ni la mwanamke aliyeishi miaka asiyotuonyesha, akazeeka, bila yule aliyemwacha msituni. Nililia pale hosteli, na nikimwelezea binti wa kaka yangu juzi sauti ilinikatika tena.

Sasa kosa lilitoka wapi? Marekani lina chanzo kinachojulikana. Majina ya waigizaji yalipokuwa yakipita mwishoni, kituo cha ABC kiliweka picha tulivu za mabaki ya ndege ufukweni, bila mtu hata mmoja. Baadaye kituo kilieleza kwamba picha hizo ziliwekwa ili mtazamaji apumue kabla ya habari, hazikuwa sehemu ya hadithi. Lakini watu walikuwa wameshaona ufukwe mtupu, wakahitimisha kwamba hakuna aliyepona.

Huku kwetu lilitoka kwingine, nami nililishuhudia.

Miezi michache baada ya usiku ule nilikwenda na kaka yangu kwenye banda la video, Majengo. Mabenchi ya mbao, pazia la kanga mlangoni, joto, shilingi mia mbili. Walikuwa wanaonyesha sehemu ileile ya mwisho, ila iliyotafsiriwa, sauti ya dijei imewekwa juu ya sauti za waigizaji. Sina ugomvi na madijei wa tafsiri. Wametufungulia filamu ambazo wazazi wetu wasingezielewa, na mtu anayeweza kuibeba tamthilia nzima kwa mdomo wake mmoja ana kipaji nakiheshimu. Lakini pale Christian alipoanza kusema na mwanawe, dijei hakutulia. Aliongea juu yao mwanzo mwisho. Christian anafungua mdomo, dijei anasema: "Baba mtu hapa anamwambia, mwanangu, nyinyi wote ni marehemu, tangu ile ndege ilipoanguka mlikuwa marehemu." Banda zima likaguna. Kijana wa mbele akapiga benchi kofi. Na hapo ndipo ilipotoka tafsiri ya mtaa mzima, nina hakika, kwa sababu wengi wa waliokuwa mle hawakuwa na njia nyingine ya kusikia.

Kinachonisikitisha ni kwamba Kiswahili kilikuwa na neno tayari. Nenda msiba wowote hapa mjini, wa kanisani au wa msikitini, utalisikia kabla hujakaa kwenye turubai: ametangulia. Ametangulia mbele ya haki. Wewe umetangulia, sisi tu nyuma yako. Christian anatumia sentensi kadhaa kumweleza daktari mzima jambo ambalo kwetu bibi yeyote analimaliza kwa kitenzi kimoja. Dijei angesema tu "wengine wametangulia, wengine wamefuata, na hapa ndipo mnapokutana," banda zima lingeelewa, na wengine tungetoka tunafuta macho.

Yupo mmoja aliyeelewa hata hivyo. Mzee wa makamo, mfanyabiashara wa mbuzi, wa wale wanaoshinda mnada wa Msalato kila Jumamosi. Alikuwa na fimbo yake katikati ya magoti na buti zimejaa vumbi. Watu walipokuwa wanalalamika, yeye alikuwa bado anatazama nyuso za wale waliokaa kanisani wakikumbatiana. Akasema, kama anajisemea: "Kumbe walikuwa wanasubiriana." Kiingereza hakujua, na dijei alishampotosha, lakini aliona. Kaka yangu hukumbuka maneno hayo mpaka leo.

Katika chumba kile alipokuwa Jack na baba yake kuna dirisha la vioo vya rangi. Watu wengi hupitiliza. Lina msalaba, lina mwezi na nyota, lina nyota ya Daudi, lina Om ya Wahindu, gurudumu la Wabuddha, na duara la yin na yang. Mtu aliyekulia Dodoma anaelewa dirisha lile bila kufundishwa. Tunapopita pale Jamatini, katikati ya mji, kuba la kanisa la Anglikana liko jirani, na adhana za mji zinatufikia popote tulipo. Sayid, mwanajeshi wa Iraki, Mwislamu, amekaa kwenye benchi la kanisa lile na hakuna anayemuuliza amefuata nini. Rafiki yangu wa Kondoa alilitaja hilo kwanza kabla ya jambo lolote.

Lakini waliokasirika kwa sababu ya majibu siwezi kuwabeza. Hasira yao ni tofauti na lile kosa la maiti, na ina haki yake. Tunajua sote utaratibu wa kitendawili. Mtu akisema "Kitendawili!", tukajibu "Tega!", anatega. Tukishindwa, anasema "Nipeni mji," tunampa Mpwapwa au Kigoma, anauchukua, kisha ni lazima atoe jibu. Hawezi kuchukua mji akaenda kulala. Lost walitutegea misimu sita. Namba zile, 4, 8, 15, 16, 23, 42, ukizijumlisha unapata 108, na ndizo dakika ambazo kila zikitimia lazima mtu aziingize namba hizo kwenye kompyuta ya chini ya ardhi. Tulizikariri kama namba ya simu ya nyumbani. Tulitoa miji mpaka ikaisha.

Mengine walijibu, na watu hawataki kukiri. Dubu mweupe wa mwanzoni, ambaye watu bado wanamtaja kana kwamba hakuelezwa, alielezwa: dubu hao waliletwa kisiwani kwa utafiti, na vizimba vyao vinaonekana msimu wa tatu. Namba nazo zilikuja kuonekana pangoni, kila moja na jina la mtu, Locke 4, Jack 23. Wala si kweli kwamba walijiendea tu bila kujua mwisho. Mwaka 2007 ilishatangazwa kwamba tamthilia itafungwa 2010.

Ila Walt! Hapo siwatetei. Mtoto wa miaka kumi, tunaambiwa ana uwezo wa ajabu, anatekwa mwisho wa msimu wa kwanza mbele ya macho ya baba yake, kisha hadithi inamwacha pembeni. Muigizaji aliendelea kurefuka wakati kisiwani ni miezi michache tu imepita, hilo naelewa. Wakaja kuongeza kipande cha kama dakika 12 kwenye DVD, Ben na Hurley, watu wa kisiwani, wanakwenda kumchukua. Mtoto uliyeniliza nikiwa na miaka ishirini na mmoja huniletei kwenye kipande cha ziada. Huo mji niliutoa na bado naudai.

Nadhani waliumia zaidi wale waliokaa mpaka mwisho wakisubiri jibu, kumbe waandishi walishabadilisha wakaanza "Hadithi, hadithi!" Na kwenye hadithi tunajibu "Njoo," hatudai mji wala jibu. Mimi huo mgeuko niliupokea, kwa sababu tangu jicho la Jack lilipofunguka kwenye mianzi dakika ya kwanza nilikuwa namfuata yeye kuliko kisiwa. Lilipofumba palepale, mbwa Vincent amelala ubavuni mwake ili asife peke yake, kwangu ilitosha. Kwa mwingine haikutosha, na simlazimishi.

Haya yote nilimwambia binti wa kaka yangu, mlenda ukinyauka kwenye ungo. Akachukua simu, akairudisha mpaka kwenye lile jeneza tupu, tukainamisha vichwa pamoja na kuongeza sauti. Safari hii alisikiliza. Christian aliponyamaza naye akanyamaza, akaendelea kutazama wanavyoingia mmoja mmoja na kukaa.

"Shangazi," akauliza, "na Ben? Mbona amebaki nje?"

Nikamwambia airudishe kidogo, mpaka pale Locke, ambaye Ben alimuua, anapomwambia amemsamehe, na Ben anabaki kwenye benchi peke yake.

Akairudisha. Hakuuliza tena kama walikuwa wamekufa.