Mto umekwisha au mkono ndio mbovu? Tuwasikilize wanaorudi mikono mitupu

Kila palipo na kijito cha samaki aina ya trauti kuna ubishi huu. Jamaa mmoja anarudi jioni anasema mto umekwisha, samaki hakuna, zamani ukitupa ndoano mara mbili tatu unapata, na mwenzake aliyevua mto huohuo wiki hiyohiyo anashangaa, mbona mimi nimetoa wengi tu na wawili walikuwa wakubwa. Halafu linakuja lile jibu ambalo nimelisikia mpaka limenichosha: mto hauna shida, shida ni wewe hujui kuvua. Hapo ubishi umeisha, aliyelalamika ananyamaza, maana utabishana vipi na mtu ambaye ana samaki mkononi.

Mimi naona huyu mlalamikaji anaonewa, na kumuonea kuna gharama. Ila nianze na mwenzake maana ana hoja za kweli kabisa.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Anakula vizuri maji yakiwa nyuzi 10 hadi 16 hivi, yakifika 20 anaanza kuhangaika, yakikaribia 25 wengi hawavumilii muda mrefu. Na joto likipanda oksijeni inapungua, maji ya nyuzi 10 yanabeba kama miligramu 11 kwa lita, ya nyuzi 20 yanabeba kama 9 tu, yaani mwili wa samaki unadai hewa zaidi wakati huohuo hewa yenyewe imepungua. Kijito kisicho na kivuli kinaweza kupanda nyuzi kadhaa kati ya alfajiri na mchana, kwa hiyo aliyevua saa 12 asubuhi na aliyevua saa 9 alasiri wamevua maji tofauti hata kama wamesimama jiwe lilelile. Kule Montana, Marekani, wana utaratibu kwamba mto ukipanda hadi karibu nyuzi 23 siku 3 mfululizo wanaweza kufunga uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku, hawafungi asubuhi, maana wanajua tofauti ya asubuhi na mchana ni kubwa kiasi gani. Sasa mtu anayefika mtoni saa 7 mchana wa jua kali, anapiga masaa mawili, anaondoka anatangaza msiba wa mto mzima, kweli huyo anastahili kuambiwa arudi alfajiri.

Kuna na hili la samaki kuwa wajanja. Mto ambao watu wanakamata na kuachia unaweza kujaa samaki ambao wameshaonja ndoano, hasa trauti wa kahawia ambaye hata bila hivyo ni mgumu kuliko yule wa upinde wa mvua. Na kuna suala la ukubwa, watu wanasema samaki wamekuwa wadogo basi mto umeharibika, wakati mwingine ni kinyume chake. Ziwa Taupo kule New Zealand trauti waliopandikizwa walikua wakubwa ajabu miaka ya mwanzo ya 1900 kwa sababu walikuta chakula tele ambacho hakuna trauti mwingine aliyekigusa, wakazaliana, chakula kikawa hakiwatoshi, wakakonda. Samaki walikonda kwa sababu wamekuwa wengi. Kwa hiyo udogo peke yake hausemi kitu, kuna vijito vya juu milimani vyenye maji baridi na chakula kidogo ambako trauti mzima wa afya hazidi urefu wa kiganja na ndivyo ilivyo siku zote.

Sawa. Yote hayo nakubali. Lakini angalia, hoja zote hizi zinaeleza kwa nini mtu mmoja siku moja anaweza kukosa. Hazielezi kwa nini watu kumi wa kawaida, wasio mabingwa, wanaanza kukosa msimu baada ya msimu kwenye maji waliyoyazoea. Na hapo ndipo lile jibu la hujui kuvua linakuwa hatari, kwa sababu ya namna trauti wenyewe wanavyokaa mtoni.

Trauti hakai popote tu. Kila mmoja anatafuta sehemu yake, nyuma ya jiwe, chini ya ukingo uliochimbwa na maji, pembeni ya gogo, mahali ambapo mkondo unamletea wadudu na yeye hapotezi nguvu kupambana na maji. Sehemu nzuri ni chache na mwenye ubavu ndiye anazishika, wanyonge wanasukumwa kwenye maji mafupi, yaliyo wazi, yenye chakula hafifu. Na mwenye sehemu nzuri akitolewa haipiti muda mrefu anahamia mwingine aliyekuwa pembeni. Kila mvuvi mzoefu anajua hili, unamtoa mkubwa leo chini ya gogo fulani, ukirudi baada ya siku kadhaa kuna mwingine pale pale, na watu wanalipenda sana hili kama ushahidi kwamba mto umejaa.

Sasa fikiria. Tuseme kijito kina sehemu nzuri 40 na kina trauti 100. Arobaini wako pazuri, 60 wako pembeni. Joto linaongezeka, tope linaingia, miaka inapita, trauti wanabaki 50. Nusu wamepotea! Zile sehemu 40 bado zimejaa zote. Waliopungua ni wale wa pembeni, kutoka 60 mpaka 10. Nimerahisisha, najua, mto hauna hesabu safi hivyo, ila mwelekeo ndio huo. Na nani anavua zile 40? Bingwa. Anajua gogo lipi, jiwe lipi, anatupa nzi wake wa bandia, yaani chambo cha kuiga mdudu, anapita palepale alipokusudia. Kwake hakuna kilichobadilika hata kidogo, anarudi na hadithi zilezile kwa moyo mweupe kabisa na hasemi uongo. Na nani anavua pembeni? Huyu wa kawaida, anayeingia popote penye njia, anayetupa kwenye maji ya wazi kwa sababu kwenye magogo atakwama. Yeye alikuwa anapata wale 60. Sasa amebakiwa na 10.

Yaani mvuvi dhaifu ndiye wa kwanza kuhisi mto unapungua, bingwa ndiye wa mwisho. Tunamuuliza wa mwisho kujua, tunamnyamazisha wa kwanza kujua. Hili linaniuma kila nikisikia ubishi huu kwa sababu kadiri mtu anavyosifika kwa kuvua ndivyo neno lake linavyobeba uzito, wakati kwa swali hili mahususi la kama samaki wamepungua, samaki wake ndio ushahidi mdogo kuliko wote.

Na joto linafanya mambo yawe mabaya zaidi. Mto ukipata moto trauti wanakimbilia pale chemchemi inapoingia au kijito baridi kinapomwaga, wanajazana hapo. Anayejua mahali pale anapata samaki haraka kuliko alivyowahi kupata maishani, anatoka anasema mto haujawahi kuwa mzuri hivi, kumbe ameona sehemu kubwa ya samaki waliobaki wamerundikana sehemu moja wanatafuta hewa.

Hili siyo la kubuni, limeshatokea baharini kwa gharama kubwa. Chewa wa kaskazini (cod kwa Kiingereza), pwani ya Newfoundland, Kanada. Miaka ya 1980 wavuvi wa ufukweni wenye vyombo vidogo walilalamika kwamba samaki wanapungua na wanakuja wadogo, huku meli kubwa zinazovua mbali na pwani zikiendelea kupata vizuri tu, na takwimu za meli zile zilichangia sana kufanya makadirio ya samaki yaonekane mazuri. Chewa walikuwa wanapungua huku wakijikusanya kwenye maeneo machache, na meli zilikuwa na vifaa vya kuyafikia. Julai 1992 serikali ikafunga uvuvi wa kibiashara wa chewa yule na watu wapatao 30,000 wakakosa kazi. Chewa siyo trauti na bahari siyo kijito, lakini mpangilio ni uleule: mwenye uwezo alikuwa anavua kitovu, mnyonge alikuwa anavua pembeni, na mnyonge ndiye aliyekuwa sahihi. Na kwa maji baridi, mwaka 2002 John Post na wenzake, watafiti wa hukohuko Kanada, waliandika kwamba baadhi ya maeneo ya uvuvi wa kujifurahisha nchini humo yalikuwa yanaporomoka bila watu kuona, na sababu mojawapo ni hii ya wavuvi kuendelea kupata huku samaki wakiisha.

Kitu kingine, anayekosa anaacha. Hili watu hawalifikirii. Mtu akikosa misimu miwili mitatu anauza fimbo yake au anahamia mto mwingine, wanaobaki ni wale wanaopata, kwa hiyo ukiwauliza waliopo mtoni hali ikoje utapata majibu mazuri zaidi kila mwaka hata kama mto unaelekea kufa. Waliokuwa na la kusema wameshaondoka.

Halafu kuna mayai. Trauti jike anachimba kwenye changarawe anataga, mayai yanahitaji maji yapite katikati ya vijiwe muda wote, tope likiziba yanakufa. Mwaka wa tope zito ukipita, samaki wakubwa wa miaka mitatu minne bado wapo, bingwa anayewinda wakubwa haoni kitu. Anayeona ni yule aliyezoea kupata vidogo vya kiganja na sasa havipati, na akisema tunamcheka kwamba hata vidogo vimemshinda.

Ila nisimtetee mlalamikaji mpaka nipitilize. Kwenye kuona kwamba kuna kitu kimepungua namwamini, kwenye kusema nini kifanyike simwamini sana. Mara nyingi anataka mamlaka imwage mtoni samaki wa kufugwa, basi, mto utapona. Montana walijaribu kulijua hili vizuri. Mtafiti Dick Vincent alilinganisha sehemu zinazomwagiwa samaki na zisizomwagiwa kwenye mto Madison na kijito cha O'Dell, akakuta kumwaga samaki wa kufugwa kunawapunguza trauti waliozaliwa mtoni, na kuacha kumwaga kunawaongeza. Wavuvi wengi walipinga kwa nguvu, waliona ni wazimu kuongeza samaki kwa kuacha kuleta samaki, ila 1974 jimbo likaacha kumwaga kwenye mito mingi na mito ile leo ndiyo watu wanasafiri kutoka mbali kuifuata. Mlalamikaji angepewa alichotaka angeumiza mto wake mwenyewe. Na tena samaki wa kumwagwa wanavuruga kabisa ubishi wenyewe, maana baada ya gari la samaki kupita kila mtu anapata wiki mbili, kila mtu anasema mto mzuri, kumbe wanavua gari.

Na kumbukumbu nayo inadanganya pande zote. Mzee anakumbuka siku nzuri anasahau mbovu. Lakini kijana naye ana tatizo lake ambalo mtafiti wa samaki Daniel Pauly alilieleza mwaka 1995 kwa upande wa wanasayansi wa samaki, kwamba kila kizazi kinachukua hali kiliyoikuta mwanzoni mwa kazi yake ndiyo kama hali ya kawaida, kwa hiyo hasara ya zamani haihesabiwi tena. Mzee amezidisha chumvi, kijana hajui kilichokuwepo. Kati ya makosa hayo mawili mimi naogopa zaidi la kijana, kwa sababu la mzee unaweza kulipunguza kwa kupima.

Kupima kwenyewe kunawezekana. Mwaka 1994 ulipogunduliwa ule ugonjwa wa kizunguzungu kwenye Madison, ugonjwa wa kimelea unaoharibu trauti wachanga, trauti wa upinde wa mvua walikuwa wameshuka kwa kiasi cha asilimia 90 kwenye sehemu ya mto, na kilichoonyesha ukubwa wa anguko ni hesabu za wanabiolojia wanaopitisha umeme majini kuwalegeza samaki wawakamate, wanawaweka alama, wanarudi kuhesabu tena. Sehemu nyingi hazina uwezo huo. Zina wavuvi. Kugeuza mawe na kuangalia kama mabuu wa wale wadudu wasiopenda maji machafu bado wapo mvuvi yeyote anaweza, kutumbukiza kipimajoto saa 9 alasiri vilevile.

Ila ninachotaka zaidi ni taarifa za kukosa, ziandikwe kwa heshima ileile ya taarifa za kupata: saa ngapi, maji nyuzi ngapi, ulitupa wapi, magogoni au maji ya wazi. Na kwa bingwa nina ombi moja tu ambalo naona lingemaliza nusu ya ubishi huu. Msimu ujao, nusu ya siku zake aziache zile sehemu zake nzuri, avue pembeni, maji mafupi ya wazi ambako zamani hata anayejifunza alikuwa anapata, halafu atuambie amepata wangapi huko.