Chumvi au gesi: polima yenye kumbukumbu itobolewe vipi Bukavu?

Matela za povu zinazouzwa sokoni Kadutu, hapa Bukavu, ni poliurethani, aina ya polima (plastiki): kemikali iitwayo isosayaneti inakutana na maji, kaboni dioksidi inatoka, mchanganyiko unaumuka. Kemia hiyo hiyo ikirekebishwa hutoa povu lenye kumbukumbu ya umbo. Ukilipasha moto unalibana. Likipoa linabaki limebanwa. Likipata joto tena linarudia ukubwa wake. Ndani ya mshipa wa damu, nyuzi 37 za mwili pamoja na unyevu hutosha kulitanua hadi lizibe njia.

Ubishi unaowagawa wanaotaka kulijaribu maabara hapa mjini ni mmoja: matundu yatoke kwa gesi au kwa chumvi?

Njia ya chumvi inavutia kwa urahisi wake. Unachekecha chumvi, unachagua ukubwa wa chembe, unazilowesha kidogo zishikane, unamimina polima ya majimaji, unaigandisha kwa mwanga wa urujuanimno, kisha unaloweka. Chumvi ikiyeyuka inaacha matundu. Kazi yote iko kwenye kule kulowesha: chembe zisiposhikana, unapata vyumba visivyo na milango, na chumvi ya ndani haitoki. Kwa njia hii timu ya Melissa Grunlan wa Chuo Kikuu cha Texas A&M ilitumia polikaprolaktoni, polima inayooza polepole mwilini, kutengeneza kijazio cha mfupa. Kikipashwa kwa maji ya chumvi hulainika, husukumwa kwenye pengo, kikatanuka na kukaza humo kinapopoa. Ila wanaosema njia hii haina sumu wanapitiwa, maana polima hiyo kwanza iliyeyushwa kwa dikloromethani, kiyeyusho chenye sumu.

Gesi hutoa povu jepesi mno; lililo bora ni hewa zaidi ya asilimia 95. Chumvi haifiki huko kirahisi. Lakini viputo huacha ngozi nyembamba zinazopaswa kutobolewa ili damu iingie ndani ya povu, na mvuke wa isosayaneti unaweza kumwachia mtu pumu. Kisha kuna jambo la kwetu: Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, shinikizo la hewa ni dogo, kwa hiyo viputo huvimba kuliko kule maelekezo yalikoandikwa. Fomula ya pwani ikiletwa hapa bila kuguswa, povu litatoka jepesi kuliko ilivyokusudiwa.

Wapo wanaotaja njia ya tatu, kutoboa matundu kwa kaboni dioksidi iliyobanwa sana, eti Ziwa Kivu limejaa gesi hiyo. Limejaa kweli. Kinachokosekana ni chungu cha kuhimili shinikizo mara 73 hivi la hewa ya kawaida.

Kwa mfupa, ningeanza na chumvi bila kusita. Kwa kuzuia damu, gesi haikwepeki, na hapo fedha ya kwanza iende kwenye kabati la kufyonza mvuke. Pipa la isosayaneti lisubiri.