Pektini ya maganda ya machungwa: spiriti ndiyo inayokula faida

Wakamuaji wa juisi Mwanza wanaotaka kugeuza maganda kuwa pektini, ule unga unaogandisha jamu, wana hoja nzito. Chungwa likishakamuliwa, karibu nusu ya uzito wake hubaki, na ganda kavu lina pektini ya asilimia 20 hadi 30. Kuyatupia yote kwenye mtambo wa biogesi hakusaidii sana, maana mafuta ya ganda hudhoofisha vijidudu vinavyotoa gesi.

Asidi ya kutolea pektini kwenye ganda inaogopwa bure. Sitriki, asidi ya ndimu, inatosha: ukali wa maji ufike pH 2, joto nyuzi 80 hadi 90, kwa saa moja, na pektini imetoka. Kazi ni kuitenganisha na maji.

Piga hesabu. Kilo 10 za ganda kavu, sawa na kilo 50 mbichi, zinataka maji lita 200. Ukichuja unabaki na lita 150 hivi. Pektini hujitenga vizuri kilevi kikikaribia nusu ya mchanganyiko, kwa hiyo unamimina lita 150 au zaidi za spiriti, yaani kilevi cha asilimia 95. (Gongo haina makali hayo, hata ingekuwa halali.) Mavuno ni kilo 2 za unga, mambo yakienda sawa. Spiriti hukenekwa ikatumika tena, lakini ikipotea asilimia 10 tu, lita 15 zimekwenda kwa kilo 2. Viwanda vikubwa huyapunguza maji kwanza kwa mtambo wa ombwe, unaoyavukiza baada ya kunyonya hewa. Mkamuaji wa Igoma ana sufuria.

Ndiyo maana wanaochemsha maganda wakaishia kwenye maji yake, wakayatia kwenye jamu bila kutoa unga, wanadharauliwa bila haki, eti ni wapishi tu. Nanasi la Sengerema lina pektini kidogo, jamu yake hukataa kushika. Chungwa la Ukerewe linayo tele kwenye nyama nyeupe ya ganda. Maganda yachemshwe dakika 5 mara tu baada ya kukamua, maana vimeng'enya vyake vikiachwa hadi kesho huikata nguvu pektini; maji hayo ya kwanza yamwagwe, yanaondoka na uchungu. Kisha nyama nyeupe ikatwekatwe, maji mara mbili ya uzito wake, ndimu, moto mdogo dakika 45, chuja kwa kitambaa. Kijiko kimoja cha maji hayo kwenye vijiko vitatu vya spiriti kikifanya donge moja, yanafaa. Likivunjika vipande, endelea kuchemsha yapungue. Donge la majaribio lisiliwe.

Kasoro zipo: maji hayo hayakai zaidi ya siku chache kwenye friji, na kila sufuria hutoka na nguvu yake. Anayelenga soko la mbali auze ganda kavu, kama Argentina inavyouza maganda ya malimau kwa viwanda vya pektini vya Ulaya. Unyevu ushuke chini ya asilimia 10, la sivyo ukungu utawahi. Na yasianikwe kwenye chanja za dagaa. Harufu ile haitoki.