Mwenyekiti wa mtaa na kamati ya maji

Ujumbe uliingia kwenye kundi la WhatsApp la mtaa wetu huku Eastlands, Nairobi, Jumapili saa nne usiku: "Kamati ya maji imevunjwa kuanzia leo. Funguo za chumba cha pampu ziletwe kwangu." Aliyeuandika ni mwenyekiti wa chama cha wakazi. Kulipokucha, mtetezi wake mmoja akauliza: ikiwa Rais wa nchi alivunja baraza la mawaziri, mwenyekiti atashindwaje na kamati ya watu watano?

Swali zuri. Ni kweli, Julai 2024 Rais William Ruto aliwafuta mawaziri wote isipokuwa Musalia Mudavadi. Lakini Kifungu cha 152 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa uwezo huo waziwazi. Rais huyohuyo hawezi kuamka asubuhi akamfuta mwenyekiti wa IEBC, tume ya uchaguzi. Kifungu cha 251 kinataka malalamishi yapitie Bunge la Taifa, kisha jopo lichunguze. Ni mtu mmoja, na cheo ni kilekile. Kinachotofautisha ni maandishi.

Maandishi yetu, yaani katiba ya chama, ni kurasa sita zilizobanwa kwa stepla. Yanasema mwenyekiti "atakuwa mwanachama wa kamati zote kwa wadhifa wake", na hapo ndipo anapong'ang'ania. Mimi nasoma kwamba amepewa kiti: aketi, aseme, apige kura kama wengine. Kuvunja hakukutajwa popote. Isitoshe, kamati ya maji ilichaguliwa na wanachama kwenye mkutano mkuu. Ile ya sherehe ya Desemba aliiteua mwenyewe, na angeivunja hata kesho nisingefungua mdomo. (Ya uchaguzi, kwa maoni yangu, hata kile kiti asipewe.)

Hata hivyo, sitamfanya jini. Kamati hiyo ilikuwa imekaa miezi minne bila kutoa hesabu. Boza la maji likinunuliwa, risiti ni kipande cha karatasi kilichochanwa daftarini, hakina muhuri wala namba ya simu. Pesa zikipotea, anayeitwa kwa chifu ni mwenyekiti. Jina lililo kwa Msajili wa Vyama ni lake, na sahihi benki ni yake pamoja na ya mweka hazina. Mwanakamati huzima simu tu.

Halafu kuna jambo ambalo sisi wa "fuata katiba" hatupendi kulitaja: kuitisha mkutano maalumu Nairobi ni kazi. Jumamosi nusu ya watu wamekwenda ushago, kijijini kwao, kwa mazishi, Jumapili ni kanisa, na siku za kazi mtu anashuka matatu saa mbili usiku akitafuta chakula na kitanda. Notisi yetu ni siku ishirini na moja. Tenki halina habari ya notisi, likiisha, limeisha.

Pamoja na hayo, alikuwa na silaha ya halali mkononi na hakuitumia: kalamu. Angekataa kutia sahihi hundi yoyote ya maji hadi hesabu ziletwe, na kamati ingekimbia kuzileta ndani ya wiki, kwa sababu hakuna boza linaloingia kwa mkopo. Huko kungekuwa kubana, na kamati ingebaki hai ijibu maswali. Kwa kuivunja aliwapa kisingizio, na sasa ukiwauliza zile risiti wanakwambia, "Sisi si tulifukuzwa? Muulize aliye na funguo."

Wiki ya pili pampu iliungua. Fundi anayeijua alikuwa na namba moja tu, ya katibu wa kamati iliyovunjwa, na katibu hakuwa akishika simu.

Mkutano maalumu uliitishwa hatimaye, chini ya mabati ya geti kuu. Tulihesabu watu mara mbili, tukawaita hata waliokuwa wakipita na mitungi. Akidi ilikosa watu saba. Funguo ziko mfukoni mwa mwenyekiti hadi leo.